Mama Sentimita na Ukuta wa Mwenyekiti

Bado nina hasira, na sioni sababu ya kusubiri zipoe ndipo nisimulie. Zikipoa nitaanza kuwatafutia visingizio watu wasiostahili.

Kwa miaka tisa nilikuwa dereva wa shirika la kuhifadhi mto. Kazi hiyo nilitafutiwa na shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye bonde zima linamwita Mama Sentimita. Yeye alikuwa msoma maji. Mtoni, chini kidogo ya daraja, kuna nguzo ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba kuanzia chini kwenda juu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Mama Sentimita alishuka, akavua viatu, akasoma maji yamegusa namba gani, akaandika kwenye daftari, kisha akaipigia simu ofisi. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Siku aliyomzika mumewe alipita kwanza mtoni, akasoma, ndipo akaenda kuzika. Marehemu mwenyewe asingeshangaa, maana enzi za uhai wake alikuwa akilalamika kwamba ameoa mke mwenye mume mwingine wa chuma.

Mimi na yeye tulikuwa na utani wetu. Nikipita na gari asubuhi nilimpigia honi na kuuliza, "Shemeji, mto umeamkaje?"

"Umeamka na sentimita hamsini na moja. Wewe umeamka na akili ngapi?"

Namba iliyokuwa na maana kuliko zote ni arobaini. Maji yakishuka chini ya arobaini, shirika liliandika barua yenye mhuri na saini ya mwenyekiti wa bodi kwenda idara ya maji. Idara ilizima pampu za shamba kubwa la maua, na maji kidogo yaliyobaki yaliteremka hadi kijiji cha chini, chenye watu zaidi ya elfu mbili na zahanati moja. Mama yao mke wangu na Mama Sentimita, yaani mama mkwe wangu, anaishi huko. Bila barua pampu hazizimwi, hata mto ukauke hadi samaki waombe msaada. Ndivyo walivyokubaliana zamani, na ulikuwa utaratibu mzuri kwa sababu hakuna aliyejaribu kuuboresha.

Kisha wafadhili wakatuletea mashine.

Mashine haina kosa, nisije nikaeleweka vibaya. Ni kijisanduku kilichofungwa kwenye nguzo ya daraja, chenye waya unaoingia majini. Kinapima na kutuma namba yenyewe ofisini, kwenye skrini iliyotundikwa ukutani mkabala na mlango ili kila mgeni aione. Maji yakiwa salama skrini ni ya kijani, yakipungua inakuwa nyekundu. Mama Sentimita aliipenda. Aliniambia, "Afadhali, shemeji. Nikiugua mto hautakosa wa kuusoma."

Siku ya uzinduzi ilikuwa mwanzoni mwa kiangazi. Viti vya plastiki vilipangwa, hema likasimikwa, mwenyekiti wa bodi akakata utepe. Huyu ni mkubwa mstaafu, mtu wa suti hata kwenye matope, ambaye tangu astaafu hajapata mtu wa kumpigia saluti isipokuwa mimi ninayemfungulia mlango wa gari. Mgeni rasmi akainama kutazama waya, akauliza, "Mbona unaning'inia hewani?" Maji yalikuwa yameshuka hata hayaufikii. Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

Unadhani alifanya nini? Mtu mwenye akili timamu angesema teremsheni waya. Yeye alimwita mkurugenzi pembeni, mbele yangu, kwa kuwa dereva kwao ni sehemu ya gari, akamwambia, "Sitaki tena kuaibishwa. Hakikisha kifaa kinakuwa majini muda wote." Na mkurugenzi, kijana aliyesoma, mwenye vyeti vya mazingira vinne ukutani, badala ya kumwelewesha akasema, "Sawa, mheshimiwa." Wiki ileile mafundi waliletwa. Wakapanga mawe na saruji kukatiza mto chini ya daraja, ukuta wa kimo cha goti, ili maji yajae hapo kwenye mashine.

Soma tena kama hujaamini. Shirika la kuhifadhi mto liliuziba mto ili kipimo cha mto kipate maji.

Kuanzia siku hiyo mashine ilisoma sitini na mbili. Jumatatu sitini na mbili, Alhamisi sitini na mbili. Kiangazi kikawaka, ng'ombe wakakonda, na skrini ofisini ilikuwa ya kijani kama shamba la mfano. Hatua mia tatu chini ya ukuta, kwenye nguzo ya chuma, Mama Sentimita alisoma thelathini na sita. Kisha thelathini na tatu. Kisha thelathini na moja. Kila asubuhi alipiga simu, kila asubuhi karani alimjibu, "Mama, huku ni kijani," na shamba la maua likaendelea kuvuta maji usiku na mchana. Mama mkwe alitutumia ujumbe kwamba zahanati sasa inawataka wanaokwenda kujifungua wabebe maji yao ndoo mbili.

Suala likafika kwenye bodi. Lazima nikueleze ukumbi ule. Wajumbe wa bodi wanakaa mezani, kwenye viti vya kuzunguka. Wafanyakazi wanakaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani, nyuma yao, na desturi ni kwamba mtu wa ukutani hasemi mpaka aulizwe. Mimi nilikuwepo kwa sababu ya kubeba maji ya chupa. Mama Sentimita alikuja na madaftari yake yote kwenye mfuko wa turubai, akakaa ukutani, mfuko mapajani.

Mkurugenzi alisoma kwamba kuna "tofauti ya takwimu". Mwenyekiti akauliza mashine inasemaje. Kijani. Na huyu mama anasemaje? Thelathini na moja.

"Mama ana umri gani?"

"Hamsini na nane, mheshimiwa."

"Basi ni macho," mwenyekiti akasema, na meza nzima ikacheka ule mcheko wa watu wanaongoja posho ya chakula cha mchana.

Mama Sentimita alisimama bila kuulizwa. "Mzee, kwa heshima zote, macho yangu ni mazima. Mmejenga ukuta. Maji yanayosomwa na mashine ni yaliyosimama. Njooni mtoni mtazame, ni dakika kumi tu."

"Mama, kaa. Hatujakufikia."

Hawakumfikia. Waliamua mashine ndiyo itumike, nguzo ya chuma ing'olewe, na yeye apewe kazi ya kupokea wageni, pamoja na fulana. Na kwa kuwa ripoti ya wafadhili ilikuwa njiani, aandikiwe karatasi ya kusaini kwamba namba zake za kiangazi hicho zilikuwa makosa ya macho. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga. Nilikuwa nimesimama na chupa mkononi, na mto ule nilikuwa naupita kila siku. Sikusema kitu. Hasira ninazokuambia, nyingine ni za siku hiyo, na zinanihusu mimi.

Karatasi hakuisaini. Mkurugenzi alimbembeleza wiki mbili, akamtisha wiki ya tatu. Aliniambia, "Shemeji, wananiomba niseme sioni ili wao wasionekane vipofu. Si bora waniombe figo?"

Mwishowe mwenyekiti akaamua kwenda mwenyewe kijiji cha chini kupiga picha za wanufaika, maana ripoti ilikosa picha za kinamama wenye ndoo na tabasamu. Gari lilikuwa na watu wanne: mimi, mwenyekiti, mkurugenzi, na Mama Sentimita aliyekaa mbele kwa kuwa ndiye anayejulikana kule. Mkurugenzi alikuwa na mkoba wake, ndani yake karatasi ile na mhuri wa shirika, ambao hauachi ofisini kwa kuwa hamwamini hata karani wake.

Barabara ya kijijini inapita juu kwa juu, ukingoni mwa kilima, na mto huuoni. Tulipofika njiapanda nilipunguza mwendo. Mama Sentimita hakunitazama. Alisema taratibu, "Shemeji, kata kushoto."

Kushoto ni njia ya ng'ombe ya kushuka kunywa. Nilikata.

Tulishuka, tukaingia kwenye mchanga na mawe, nikaweka gia ya nguvu, tukaanza kuteremka na bonde. Gari liliyumba, vichwa vikagonga dari. Kushoto na kulia matete yaliyokauka yalikuwa yamesimama juu yetu. Tulikwenda hivyo kama kilomita mbili. Nyuma nikamsikia mwenyekiti akisema, "Barabara gani hii! Mkurugenzi, andika. Tuwaandikie watu wa barabara, hii ni aibu."

Mkurugenzi hakutoa kalamu. Nilimtazama kwenye kioo, uso umempauka. Yeye alishajua.

Nilisimama mbele ya kundi la kinamama waliopiga magoti mchangani kuzunguka mashimo, wakichota maji ya tope kwa kikombe, kikombe hadi kikombe. Nikazima gari. Mwenyekiti akauliza, "Hapa ndipo wapi?"

"Mtoni, mzee," nikamjibu.

"Mto uko upande gani?"

"Tumeegesha ndani yake."

Mama mkwe aliinuka kutoka kwenye shimo lake, magoti yamejaa mchanga, akaja hadi dirishani. Nikashuka haraka nikamwamkia. Akaniitikia, akasoma maneno yaliyochorwa mlangoni, "Mto Wetu, Uhai Wetu", akayasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akauliza, "Hawa ndio wenye barua?"

"Ndio wao, mama," Mama Sentimita akajibu.

Mwenyekiti alikuwa ameshajikusanya. Alisema poleni sana, kwamba suala hili ni zito, litawekwa kwenye ajenda ya kikao kijacho. Kikao kijacho kilikuwa baada ya miezi mitatu. "Dereva, washa gari."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Nilichomoa funguo nikamkabidhi mama mkwe kwa mikono miwili. "Mzee, funguo anazo mama mkwe. Na mimi nimelelewa, mama mkwe wangu simnyang'anyi kitu."

Alifoka. Alinitaja kwa majina ambayo sikuyapewa na wazazi wangu. Alitoa simu, haikuwa na mtandao. Jua lilikuwa la utosini, na kinamama walikuwa wamelizunguka gari na ndoo zao, hawagusi kitu, hawatukani, wanamtazama tu. Mama Sentimita alitoa kwenye mfuko wake barua aliyokwisha kuiandika kwa mkono, maneno yaleyale ya miaka yote, akaitandaza juu ya boneti. Mkurugenzi ndiye aliyefungua mkoba. Alitoa mhuri, akaugonga kwa nguvu, bila kumtazama bosi wake. Baada ya hapo mwenyekiti hakuwa na pa kujificha, akasaini.

"Haya, mama, funguo," akasema akinyoosha mkono.

Mama mkwe alizifunga kwenye pindo la nguo yake. "Karatasi nimeiona. Maji sijayaona."

Basi wakapanda kwa miguu, suti na vyeti vinne, bonde lote lile hadi penye mtandao. Mama Sentimita alidandia pikipiki kwa njia ya juu, na kabla ya saa tisa barua ilikuwa mezani kwa idara ya maji. Mwenyekiti angeweza kuifuta kwa simu moja. Hakuifuta, kwa sababu angelazimika kueleza aliisainia wapi.

Pampu zilizimwa siku ya pili. Siku ya nne maji yalifika kijijini, membamba, ya rangi ya chai. Mama mkwe akanirudishia funguo, nikalitoa gari, nikalirudisha ofisini, na huko nikakuta kibarua changu kimeota nyasi. Barua zilikuwa mbili, yangu na ya shemeji.

Nilimpelekea yake nyumbani. Aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akaikunja, akauliza, "Ule ukuta wameubomoa?"

"Bado. Skrini ni ya kijani vilevile."

Alitukana, neno moja ambalo sikujua analijua. Kisha akainama kutafuta viatu vyake chini ya benchi.

"Shemeji," akasema, "una nyundo kubwa?"