Buibui wa Ghala la Korosho

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipofurika Newala kugombea korosho, nilikuwa karani wa mmoja wao, na ajira yangu ilitegemea magunia ya wakulima. Asubuhi moja hakuna aliyetaka kuingia ghalani. Katikati ya sakafu alitulia buibui mwenye manyoya, mkubwa kama kiganja.

"Karani, sisi tunavuka barabara kumuuzia karani mwenzako," alisema Mama Fadhili, gunia kichwani.

Nikamchapa buibui kwa ufagio, hakufurukuta. Nikavaa koti langu lililotundikwa juu ya magunia, nifanane na shujaa, nikawaita ndani huku nikiwahubiria niliyosoma shule ya jioni: buibui hawa huishi mashimoni, na wakikua huvua ngozi nzima, miguu na yote.

Hapo nikainama. Nikamwokota marehemu. Alikuwa mwepesi kama ganda la karanga, mgongo umepasuka, ndani mtupu.

"Sasa mwenyewe yuko wapi?" nikauliza.

"Mwalimu, usitikisike," alisema Mama Fadhili, akirudi kinyumenyume na gunia lake. "Yuko kwenye kola yako."