Bango la Daktari Gichuru

Siku Daktari Gichuru alipomwita Zedekiah Okumu amwandikie bango, hakumkumbuka hata kidogo. Hilo lilimuuma Zedekiah kuliko mengine yote. Mtu amekuharibia kazi, amekuandika mwendawazimu kwa kalamu yake mwenyewe, halafu miezi minane baadaye anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Wewe ndiye fundi wa maandishi?" na hata jina lako halimgutushi.

"Ndiye mimi, Daktari," Zedekiah alijibu, na moyoni akasema, leo Mungu amekuleta mkononi mwangu.

Chuki hiyo haikuota siku moja. Zedekiah alikuwa mwandishi wa mabasi katika karakana moja ya Industrial Area. Basi likishaundwa bodi, yeye ndiye aliyelipaka majina na nambari, na mkono wake ulijulikana toka Kaloleni alikokaa hadi Eastleigh. Asubuhi alivuka reli kwa miguu kwenda kazini, jioni akavuka tena kurudi kwa mkewe Apondi na mabinti zao watatu, Akeyo akiwa wa kwanza. Mkono ulikuwa wa dhahabu. Kichwa ndicho kilichomsumbua. Apondi akimtuma mafuta ya taa, alirudi na misumari, au hakurudi mpaka jua lizame, kwa sababu njiani alikuta mtu anatengeneza redio akaketi kumsaidia. Kazini alianza mabasi matatu kwa siku moja na hakumaliza hata moja.

Gachanja, nyapara wa karakana, alimpenda na kumtukana kwa pumzi ileile. "Omera, ndugu yangu, we ni fundi," alimwambia, "lakini hiyo kichwa yako iko na miguu."

Zedekiah alikuwa amejitafutia dawa yake mwenyewe tangu ujana. Aliandika kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akianza na herufi ya kwanza, akili ilikimbia mbele ikafika mwisho kabla ya mkono, na mkono ukaruka herufi. Akianza na ya mwisho, neno lilikuwa si neno tena, lilikuwa maumbo tu, na akili ikakosa pa kukimbilia. Basi alihesabu herufi, akatia alama ndogo za chaki juu ya mstari, akaanzia kulia. Wageni waliomwona akiandika hivyo walidhani amelewa.

Mwaka wa themanini na mbili, jirani yao Warigia, mwalimu wa shule ya msingi, alirudi kutoka mafunzo ya jinsi ya kuwafundisha watoto wenye shida darasani. Jioni moja aliketi kwa Apondi akaeleza habari za mtoto asiyetulia, anayeanza jambo na kuliacha, anayesahau alichotumwa, ambaye kumbe si mtundu wala si mvivu, ila ndivyo ubongo wake unavyofanya kazi. Zedekiah aliweka kikombe chini.

"Mwalimu," aliuliza, "huyo mtoto akikua anakuwaje?"

"Zamani walisema inaisha. Siku hizi kuna madaktari wanaosema wengine wanazeeka nayo. Lakini mimi ni mwalimu, Baba Akeyo. Hiyo ni ya daktari kukupima."

Alikuwa na miaka thelathini na minane, na kwa mara ya kwanza alifikiri kwamba labda hakuwa mzembe. Usingizi ulimruka kwa furaha. Alitaka kitu kimoja tu: daktari anayejua ampime, aliite jambo hilo kwa jina lake, aandike karatasi ambayo Gachanja na wakubwa wangeisoma wakaacha kumtishia kazi kila mwezi.

Daktari wa karakana alikuwa Gichuru. Zahanati yake ilikuwa nyuma ya Soko la Burma, na harufu ya nyama choma iliingia mpaka chumba cha kungojea. Ukutani alikuwa ameandika kwamba ni mtaalamu wa magonjwa ya akili na neva. Zedekiah alipoyaona maneno hayo alijua amefika.

"Shida ni nini?" Daktari aliuliza, macho kwenye daftari.

"Kichwa changu hakitulii, Daktari. Tangu utoto. Nimesikia kuna ugonjwa wa namna hiyo, watoto wanapimwa. Nataka na mimi nipimwe."

"Nani amekuambia?"

"Mwalimu mmoja jirani yetu. Ameiona kwa kitabu."

"Hiyo ni maneno ya watoto. Wewe uko na ndevu."

"Wanasema hata watu wazima wanakuwa nayo."

"Kina nani wanasema?"

"Sijui, Daktari. Ndiyo maana nimekuja kuuliza." Kisha, kwa roho safi kabisa, akauliza jambo ambalo angemuuliza fundi yeyote kabla ya kumpa kazi. "Wewe hii mambo ya akili ulisomea wapi?"

Hapo ndipo Gichuru alipoacha kuandika. "Umekuja kupimwa," alisema, "ama umekuja kunipima?"

Hakumgusa. Hakumuuliza habari za shule, wala za wazazi, wala za kazi. Kwa saa iliyokuwa ukutani, yote yalichukua dakika nne. Zedekiah alitoka na vidonge vyeupe vya kumeza mara tatu kwa siku, na onyo la kutoacha hata kimoja.

Vidonge vile vilimtuliza kichwa kweli, kwa kukizima. Ulimi ulikuwa mzito, mkono ukatetemeka, na binti yake mdogo akaanza kumwogopa kwa vile alivyokuwa akimkodolea macho bila kusema. Wiki ya tatu Gachanja alimkuta amelala chini ya basi, brashi mkononi, rangi imekauka. Wakubwa wakamwandikia Gichuru kumuuliza mtu wao ana nini. Jibu lilikuja siku ya pili: Okumu hana akili timamu, ana ukaidi wa kiugonjwa, hafai kazi yoyote ya karakana. Hivyo ndivyo alivyofutwa, baada ya miaka kumi na saba, kwa barua ya mistari mitatu. Na jambo likaenea. Watoto wa Kaloleni walijifunza kumkimbia kwa kicheko, na dada yake Apondi akaleta watu wa kanisa kumwombea.

Vidonge alivitupa chooni. Mkono ukarudi. Akaanza kuandika mabango ya vinyozi, ya hoteli za chai, ya mabucha ya Burma. Kila bango alilomaliza alilitazama akafikiria jina la Gichuru. Asiseme mtu kwamba alitaka haki. Alitaka kumwona yule mtu akiaibika mbele ya watu, aibu ya kumfuata mpaka nyumbani kwake.

Sasa Gichuru mwenyewe alikuwa mbele yake. Alikuwa anahamia Buruburu, kwenye maduka mapya, na alitaka bango kubwa. "Andika kwa Kiswahili, watu wa huku waelewe," alisema. "Juu jina langu. Chini: mtaalamu wa magonjwa ya akili. Jumamosi tunafungua. Pasta atakuja, na diwani."

Zedekiah hakwenda moja kwa moja kuchanganya rangi. Alimwendea Warigia, na Warigia akampeleka maktaba ya Kaloleni, ambako gazeti rasmi la serikali lilikuwa limepangwa kwa miaka. Humo mlikuwa na orodha ya madaktari waliosajiliwa, na mbele ya kila jina shahada zake. Waliosomea akili walionekana, walikuwa na shahada mbili, tatu. Mbele ya jina la Gichuru ilikuwapo moja, ile ya kwanza ambayo kila daktari anayo. Wakatazama mwaka uliofuata, na uliofuata. Moja tu.

"Basi ni daktari," Warigia alisema polepole. "Ila hilo analojiita siye."

"Niandikie hiyo namba ya ukurasa, Mwalimu," Zedekiah alisema. Alikuwa anatabasamu, na Warigia baadaye alikiri kwamba tabasamu lile halikumpendeza.

Siku ya Ijumaa alisimamisha ubao kwenye ukuta wa zahanati mpya. Alipiga mistari, akahesabu herufi, akatia alama zake za chaki, akaanza mstari wa chini, mwisho wake, kulia. Saa sita Gichuru alitoka nje akasimama nyuma yake. Kwenye ubao mweupe, pembeni kabisa, yalikuwapo maneno yaliyokamilika: MAGONJWA YA AKILI. Kushoto kwake palikuwa peupe.

"Kwa nini unaanzia huko?"

"Ndivyo ninavyofanya kazi, Daktari."

"Maandishi ni mazuri."

"Rudi jioni utazame yote yakiisha," Zedekiah alimwambia, na hakuna atakayesema hakumwambia.

"Nimeshaona. Ukimaliza funika na shuka, kesho pasta ndiye atakayefunua."

Jumamosi walikuja watu wengi. Walikuwapo diwani, wake wa mafundi na makarani, akina mama wa kanisa waliovaa vitambaa vya kichwa, na wagonjwa wa zamani wa Burma waliofuata daktari wao. Waliimba, pasta akaomba Mungu aibariki mikono ya mtumishi wake, kisha akavuta shuka.

Juu palikuwa na jina la Gichuru, kwa herufi nzuri zenye kivuli, kazi ambayo Zedekiah hakuwahi kuizidi maisha yake yote. Chini yake: DAKTARI WA MAGONJWA YA KAWAIDA. Na mstari wa mwisho, wenye ukubwa uleule: HANA SHAHADA YA MAGONJWA YA AKILI.

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza. Diwani alisoma midomo ikicheza. Gichuru alichukua muda kugeuka kutazama, kwa sababu alikuwa bado anapeana mikono.

"Ni upuuzi wa fundi," alisema. "Shusheni hiyo kitu."

Nzembi, mama aliyeuza mboga Burma, alijisogeza mbele. Mume wake alikuwa na miaka mitatu ya vidonge vyeupe. "Daktari, kabla ishushwe," alisema, "hii ni uongo?"

"Mama, si mahali pake hapa."

"Mimi nauliza tu. Kama ni uongo si utuonyeshe karatasi. Baba Mutua hatoki kitandani."

"Iko kwa gazeti la serikali," Zedekiah alisema kutoka pembeni, mikono kifuani. "Namba ya ukurasa ninayo hapa."

 Shingo ya Gichuru ilitoka jasho likalowesha kola. Zedekiah alimtazama bila kupepesa, akila kila tone. Lilikuwa tamu. Akina mama walianza kuondoka wawili wawili bila kuaga, pasta akafunga Biblia yake, na Nzembi akamwaga vidonge kutoka mkobani kwake juu ya kizingiti kipya cha zahanati.

Watu walipopungua, Gichuru alimvuta Zedekiah ofisini akafunga mlango. "Wewe ni nani?"

"Okumu. Wa karakana ya mabasi. Mwendawazimu wako."

Daktari aliketi. Alikuwa mtu mwepesi wa hesabu za maisha, akaona njia upesi. Alitoa karatasi yenye jina lake, akaandika, akatia sahihi na mhuri, akaisukuma mezani. Ilisema kwamba Zedekiah Okumu amepimwa tena, ni mzima kabisa wa akili, na arudishwe kazini. "Wale wakubwa wako wananisikiliza," alisema. "Jumatatu utakuwa kwa basi yako. Wewe nenda upake ule mstari rangi nyeupe, yaishe."

Zedekiah aliisoma mara mbili. Ndiyo karatasi aliyoitaka, au ilifanana nayo. Alifikiria mabinti zake, na Gachanja, na harufu ya rangi ya mafuta asubuhi. Mkono ulikwenda kuichukua.

"Nina ugonjwa gani, Daktari?" aliuliza.

"Huna ugonjwa."

"Hapo mwanzo nilikuwa wazimu. Sasa ni mzima. Katikati hapo ulinipima lini?"

Gichuru aliisukuma karatasi karibu naye zaidi.

"Basi hii pia hujui," Zedekiah alisema. "Unaandika tu." Akaiacha mezani, akatoka, akabeba ngazi yake. Mstari hakuupaka.

Nyumbani alimweleza Apondi yote, akidhani watacheka pamoja. Apondi aliacha kuosha vyombo. "Barua ilikuwa mkononi, Baba Akeyo?"

"Ilikuwa mezani."

"Ukaiacha, ili umkomoe."

"Ilikuwa uongo."

"Hata ile ya kwanza ilikuwa uongo, na ilitulaza njaa. Hii uongo yake ingetulisha." Hakumsemesha siku nne, na hakuwa na kosa. Karakana ilimwajiri mwandishi mwingine kabla ya Krismasi, kijana anayepaka rangi juu ya karatasi zilizotobolewa herufi. Gichuru aliufuta ule mstari mwenyewe, vibaya, akaendelea kutibu mafua huko Buruburu. Hakuna aliyempelekea tena habari za kichwa.

Ilipita mwaka na nusu kabla Warigia hajapata mtu. Alikuwa Daktari Burale, kijana aliyerudi kutoka masomoni, na alikubali kumwona Zedekiah hospitalini, Jumatano asubuhi, kwa saa nzima. Zedekiah aliingia amejiandaa kwa vita, namba ya ukurasa wa ile orodha mfukoni. Hata kabla hajaketi aliuliza: ulisomea wapi? Burale akamtajia chuo, miaka, na walimu wake, bila kukasirika.

Kisha Zedekiah alimwambia yote, kuanzia misumari na mafuta ya taa. "Sasa ni nini, Daktari? Ndiyo ile ya watoto?"

Burale aliweka kalamu chini. "Sijui bado," alisema. "Inaweza kuwa. Niletee mtu aliyekujua ukiwa mdogo, tuongee tena wiki ijayo."

Zedekiah aliomba ruhusa, akatoka kwenye korido, akaegemea ukuta. Alilia kwa hasira mpaka muuguzi akaja kumshika bega. Sijui bado. Ni maneno mawili tu. Gichuru angeyasema siku ile nyuma ya soko, hata kwa dharau, hata bila kuinua macho, yeye angekuwa sasa hivi juu ya ngazi karakanani, anaandika basi.