Scovia na Zamu za Kinu cha Gatete

Ukimkuta Scovia pale Gatete, utamwona anaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia upo, lakini una vidole vitatu. Sogeeni niwaeleze.

Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, akarudi Rumonge, Burundi, na wazazi wake angali binti wa shule. Kazi yake ni kupanga zamu kwenye kinu cha kukamulia mawese. Chikichi zilizokatwa hazisubiri. Zikikaa siku nyingi zinaoza, jasho la msimu mzima linamwagwa. Kwa hiyo pale kinuni aliyekata kwanza anakamua kwanza. Zamani lisiti, yaani orodha ya zamu, iliandikwa kwa mkono, na wenye ngumi walijiandika juu. Scovia akajifunza mwenyewe, kwa simu tu, lugha ya kompyuta ya takwimu inayoitwa R. Akatunga programu fupi: kila asubuhi saa mbili, R inaiamuru Excel ifute lisiti nzima, ipange majina upya kwa tarehe za kukata zilizo kwenye faili ya mizani, kisha ichapishe. Mkono wa mtu hauingii.

Siku moja mkono wa Bahizire, mkulima mmoja wa chikichi, uliingia.

Alikuja na panga la kukatia mikungu. Chikichi zake alizikata jana yake. Za Mama Agnesi, mjane wa Kigwena, zilikuwa na siku ya sita, zimeanza kutoa maji.

"We mutoto wa kambi, mimi niko wa ngapi?"

"Wa kumi na tisa, kaka."

Kofi likamwangusha Scovia pamoja na kiti. Teke likamkuta mbavuni. Damu ikamtoka puani, ikadondoka kwenye saruji. Bahizire akainamia kompyuta mezani, akafuta jina la Agnesi kwenye mstari wa kwanza, akaanza kuandika lake kwa kidole kimoja, herufi moja moja.

"Munaona? Hata mimi najua ordinateri!"

Saa mbili ikafika. Sasa, Excel ina tabia yake: kishale kikiwa bado kinapepesa ndani ya kisanduku, haipokei amri ya programu nyingine. R ikabisha hodi, ikakataliwa, ikangoja, ikabisha tena. Pale sakafuni Scovia aliyaona maandishi mekundu yakijirudia pembeni ya skrini. Akajua kinachongojwa ni kitufe kimoja tu, Enter. Akajua pia kwamba akiizima R, jina la Bahizire litabaki juu, na yeye Scovia atarudi nyumbani mzima.

"Chapisha!" Panga likachanja meza.

Mama Agnesi alikuwa mlangoni. "Mwanangu, mupe tu. Acha zioze."

"Hapana, mama."

Scovia akajiinua, akabonyeza Enter.

Lisiti ikawa nyeupe. Kisha majina yakashuka, moja chini ya jingine: Agnesi wa kwanza, Bahizire wa kumi na tisa. Mashine ikaanza kutema karatasi.

"Nani anaandika? Nani?" Bahizire akafoka.

"Ni programu. Mimi nimeifungulia tu."

Scovia alikuwa ananyoosha mkono wa kulia kuichukua karatasi. Panga likashuka. Vidole viwili vikabaki juu ya meza.

Wenye zamu wakavamia chumba na miti ya kubebea mikungu. Walimpiga Bahizire mpaka mfupa wa paja ukalia kama kuni kavu. Lameki, mpakiaji wa kinu, akainua jiwe juu ya kichwa cha Bahizire.

"Lameki, acha!" Scovia alikuwa amebana mkono kwenye kanga, kanga yote nyekundu. "Akifa hapa watafunga kinu! Chikichi za mama zitaoza!"

Lameki akahema, akalitupa jiwe nje.

Karatasi ilibandikwa ukutani ikiwa imelowa damu. Lameki akaisoma kwa sauti, Mama Agnesi akaitwa wa kwanza, akaingia kinuni analia. Nje, pikapu moja iliwabeba Scovia na Bahizire hospitali, wamelazwa bega kwa bega.