Mhafidhina wa Ujiji

Neno lenyewe nililikuta gazetini, nikiwa mwalimu wa mwaka wa pili katika shule ya msingi huko Rusimbi, si mbali na kwetu Ujiji. Mwandishi mmoja alimtaja baba yangu, ambaye wakati huo alikuwa waziri mdogo, kuwa ni mhafidhina anayejivuta wakati taifa zima linakimbia. Walimu wenzangu walikuwa wameshalisoma kabla yangu. Niliyaona macho yao. Mimi nilikuwa kijana wa chama, shati langu la kijani nalipiga pasi kila Ijumaa. Niliona aibu, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilimwona mwandishi yule amesema kweli.

Baba alikuwa nyumbani Ujiji, Bunge likiwa limeahirishwa. Nikampelekea gazeti alasiri ileile, nikamsomea mwenyewe. Herufi za kizungu zilimchosha. Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani, na tangu nikiwa darasa la tano mimi ndiye niliyemnakilia hotuba zake kwa herufi za kizungu ili makarani wapate kuzisoma.

"Mhafidhina," akarudia taratibu. "Si limetokana na kuhifadhi hilo?"

"Ndiyo, Baba. Lakini wao maana yao ni mtu anayezuia maendeleo."

"Mimi nilikaa mkekani miaka minane hadi nikaihifadhi Kurani yote. Leo mtu ananiita mwenye kuhifadhi, halafu anadhani amenitukana?" Akacheka hadi kofia ikamteleza. "Nikatie hicho kipande."

Ndivyo alivyokuwa. Alianza kwa kuuza dagaa, akiwapakia kwenye treni kwenda Tabora, na watu wakamfahamu kwa sababu neno lake halikubadilika. Siku za kudai uhuru alizunguka mwambao wa ziwa kwa mtumbwi akiwaambia watu wasitukane wala wasichome kitu cha mtu, wadai tu kilicho chao. Uchaguzi wa jembe na nyumba ulipokuja, kura zikipigwa kwa alama, yeye alipewa nyumba. Mpinzani wake, kijana msomi aliyerudi kutoka ng'ambo, alipewa jembe. Msomi aliahidi kugeuza kila kitu. Baba alisimama na kanzu yake sokoni akasema, "Nyumba haibomolewi wakati watu wamo ndani. Tutaanza na bati linalovuja." Akashinda, akapanda treni kwenda Bungeni, na baada ya miaka michache akaitwa serikalini.

Nyumbani alikuwa vilevile, na huko hakunifurahisha kila mara. Nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu alikataa kwa mwezi mzima. Msichana hasafiri peke yake, alisema, basi. Mama ndiye aliyemshinda kwa kumkumbusha kuwa shangazi yangu anakaa mji uleule. Nilikwenda, lakini donge lile nilibaki nalo.

Miezi michache baada ya gazeti lile likaja suala la kuhamia vijiji vya ujamaa. Upande wa kaskazini, kwenye njia ya Kagunga, palikuwa na kijiji cha wavuvi, Waha na watu wa asili ya Kongo, Waislamu na Wakristo, nyumba zao zimebanana kati ya mlima na ziwa. Zikawafikia habari kwamba watahamishiwa juu, mbali na maji, wakalime. Wazee wao watatu wakaja kwetu. Baba aliwasikiliza, akawapa chai, akaniambia, "Una likizo. Utakuja na mimi uandike."

Nilimjibu bila kufikiri. "Baba, hii ni siasa ya chama chako mwenyewe. Ukiipinga watasema gazeti lilisema kweli."

"Nani kasema naipinga? Njoo uandike."

Tulikwenda kwa boti pamoja na ofisa wa mpango ule, kijana mwenye adabu, ramani yake ameikunja kwapani. Tulifika asubuhi dagaa wakiwa wameanikwa mchangani, ufuko mzima unang'aa kama mabati mapya. Baba akawasalimu kwa Kiha, "Mwakeye!", nao wakaitikia kwa kishindo. Ofisa akaifungua ramani, akaeleza vizuri kabisa faida za kuhama. Watu wakaitazama ramani, kisha wakamtazama Baba.

Baba akasimama. Nilishika kalamu.

"Ndugu yangu," alimwuliza ofisa, "ujamaa unataka nini kwa watu hawa?"

"Wakae pamoja, Mheshimiwa. Wafanye kazi kwa pamoja, wagawane. Wapate shule na zahanati."

"Vizuri." Akamgeukia mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa, aliyevuka ziwa kutoka Kongo akiwa msichana. "Mama, wavu wenu unavutwa na nani?"

"Sisi wote, Mzee. Mtu mmoja atauwezaje?"

"Na samaki?"

"Kila mwenye mkono kwenye kamba ana fungu lake. Mjane ana fungu. Mgonjwa anapelekewa."

"Tangu lini?"

Yule mama akashangaa. "Tangu tuzaliwe. Mtu ataishije vinginevyo?"

Baba akamgeukia ofisa, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umesikia mwenyewe. Umekuja kuleta ujamaa, umeukuta umeanikwa juani. Wanakaa pamoja hadi jirani anasikia jirani akikohoa. Ukiwapeleka mlimani, kila mmoja atashika jembe lake, na huu wavu utaoza. Mimi nasema siasa ile tuifuate kikamilifu. Kiandikishe kijiji hapahapa kilipo. Shule tuwaletee wao, tusiwapeleke wao kwenye shule."

Nilisahau kuandika. Miaka yote nilinakili maneno yake nikidhani ni ya mtu anayeogopa mambo mapya. Siku ile nilimwona anachukua neno jipya kabisa, analishika kama kitu cha thamani, analiweka mahali panapolifaa. Machozi yalinitoka mbele za watu, na sikuyafuta.

Ofisa aliitazama ramani, akalitazama ziwa. Akauliza, "Shule mtajenga kwa mikono yenu?"

"Hata leo!" mzee mmoja akajibu.

"Na wasichana wataandikishwa?"

Hapo Baba akanitazama. Alikohoa kidogo. "Wataandikishwa," alisema. "Huyu anayetuandikia ni binti yangu. Ni mwalimu."

Ofisa akatoa kalamu, akachora duara kwenye ramani palepale ufukoni. Vigelegele vilipanda hadi mlimani. Wanaume wakataka kumbeba Baba begani, akakataa kwa sababu ya kanzu, basi wakambeba yule mama wa dagaa, naye anawapiga vichwani kwa ungo na kucheka.

Idhini kamili ilifika kabla ya masika. Matofali yalikuwa yameshachomwa, maana hawakuisubiri. Yule mwandishi wa gazeti alikuja na kupiga picha, akaandika kuhusu kijiji cha ujamaa cha mfano, na safari hii akamwita baba yangu kiongozi anayeona mbali. Walimu wenzangu walilibandika gazeti hilo ukutani. Uchaguzi uliofuata, mwambao wote ulimpigia kura.

Mimi niliomba uhamisho. Nilitaka kuwa mwalimu wa kwanza wa shule ile. Nilipomweleza Baba alikuwa akifunga mizigo yake kurudi Dar es Salaam.

"Ni mbali mno kwa msichana asiye na mume," alisema.

"Ndiyo, Baba."

Alikunja kanzu mbili, akaziweka sandukuni, akakaa kitandani. Kisha akainuka, akafungua chandarua chake cha safari kilichokuwa juu ya mizigo, akanikabidhi.

"Mbu wa kule ni wengi," alisema. "Na uwafundishe kusoma sawasawa. Wasije wakanakiliwa hotuba na mabinti zao."