Magodoro Bila Risiti

Siku ile siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Nilikuwa na nyumba hapa Voi. Mpangaji wangu, mwalimu, alilipa kila mwezi, nami nikapeleka serikalini kodi ya mapato ya nyumba bila maneno. Kisha nikaona wageni wa mbuga ya Tsavo wakishuka kwenye treni, wanatafuta pa kulala siku mbili tatu. Nikapiga hesabu, nikairudia, nikamtoa mwalimu.

Nilinunua magodoro, mapazia, tangi, na maji ya kuletwa na gari. Kila mahali swali langu lilikuwa moja: "Bila risiti unanipunguzia ngapi?"

"Mzee, wewe utatumaliza," muuza magodoro akalia, na akapunguza. Nikatoka nikijiona mjanja kuliko Voi nzima.

Na kodi? Niliendelea kuilipa serikali ileile ya wakati wa mpangaji. Ukuta si ni uleule?

Nilipoitwa ofisi ya kodi, nilikwenda na dada yangu Wakesho, karani mstaafu kule Wundanyi. Afisa akaeleza polepole: mgeni wa siku mbili si mpangaji, hiyo ni biashara. Biashara hutozwa kwa faida, yaani mapato ukitoa gharama. "Lete risiti za gharama, mzee."

Sikuwa na hata moja. Basi mbele ya serikali sikununua kitu. Wageni wangu walilala sakafuni wakaoga vumbi. Kila shilingi iliyoingia ikahesabiwa faida.

Nje, Wakesho akaniwakia. "Muuza magodoro amekwepa kodi yake, wewe umemlipia, na ukamshukuru! Sasa Mghoi utamwambia nini?"

Mghoi ni binti yangu. Shamba la Mbololo nilikuwa nimemwahidi ajenge. Ndilo nililouza kulipa kodi na faini. Hakunitukana. Alisema tu, "Sawa, baba." Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo usinichekee ukiniambia jamaa fulani amekuuzia pazia "kwa bei ya kirafiki". Nimechoka na ujinga huo, kwanza wangu, halafu wenu. Kabla hujamtoa mpangaji, uliza ofisini utalipa kodi gani. Chukua leseni ya kaunti. Dai risiti halali ya kodi, hata ya sabuni. Anayekataa kuitoa, mwachie mali yake uende duka la pili.

Mungu akujalie wageni waungwana na mikono safi, na ardhi uliyowaahidi wanao wajenge juu yake ungali unaona.