Mtu wa Kumi

Getzel, muuza samaki wa Yerusalemu, aliwatetea Wayahudi wote mbele za Mungu. Machoni pake mwizi alikuwa na njaa tu, na mlevi alikuwa na huzuni tu. Jirani yake Bunim ndiye pekee aliyekosa wakili, tangu alipojenga uani kibanda kirefu cha Sikukuu ya Vibanda, mbele ya dirisha la Getzel, na kumzibia mwanga.

Jioni moja Bunim alitaka kumsomea marehemu mama yake sala ya kulitakasa Jina la Mungu, ambayo haisomwi bila wanaume kumi. Katika sinagogi la mtaani walikuwapo tisa. Getzel, aliyekwisha kuitwa, alikuwa nyumbani akimenya karoti.

"Mume wangu," mkewe Pesia akamwambia, "umewatetea Wayahudi wa dunia nzima, kasoro wa ghorofa ya chini."

"Nina mafua."

"Basi kapige chafya huko. Jina la Mungu linasubiri, nawe umekumbatia karoti."

Getzel akashuka akinung'unika. Alisimama akimpa Bunim kisogo, lakini "Amina" yake ilisikika hadi barabarani.

Mlangoni akamwambia Bunim, "Mwakani kisogeze kile kibanda."

"Nitakisogeza, ndugu yangu."

"Kidogo tu," Getzel akasema. "Ua lenyewe finyu, ungekiweka wapi?"