Dobi aliyekataa kiti siku ya usaili

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamume wa miaka thelathini hivi amesimama nyuma ya pazia, fulana ya ndani mwilini na mikono kifuani, akisubiri shati lake. Upande wa pili wa pazia, dobi anapitisha pasi kwenye bega la shati hilo polepole, mvuke unampanda usoni.

"Wamekuita saa ngapi?" dobi anauliza bila kuinua kichwa.

"Saa tatu, mzee."

"Wakikuuliza kwa nini uliacha kazi ya mwanzo, utasema nini?"

"Nitasema ukweli. Bosi alikuwa mkorofi."

"Wee! Usithubutu!" Pasi inasimama hewani. "Huyo atakayekuuliza naye ni bosi wa watu. Sema ulijifunza mengi, sasa unataka kujifunza zaidi. Haya, vaa. Na usikae popote mpaka uitwe ndani."

Mteja anacheka, anavaa, anajitazama kwenye kioo kilichomeguka pembe, kisha anavuka barabara kuelekea jengo la ofisi la ghorofa saba. Dobi anamsindikiza kwa macho mpaka anapoingia mlangoni. Anasema huwa hawezi kuanza nguo nyingine kabla mtu wake hajaingia.

Ana miaka hamsini na miwili, na mtaa mzima unamwita Fundi Kola. Kwa miaka ishirini na sita amefanya kazi katika chumba hiki kilicho chini ya ngazi za jengo la maduka. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kuna meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, hanga kumi na saba kwenye waya, chupa ya kunyunyizia maji na kigoda kimoja cha mteja.

Wengi wa wateja wake ni watu wanaokwenda kwenye usaili hapo ng'ambo ya barabara. Wanafika na shati moja lililosokotwa ndani ya mfuko, roho mkononi. Yeye huwapigia pasi, na wakati pasi inafanya kazi huwauliza maswali. Hakuna aliyemtuma. Anasema alianza kwa sababu ya huruma, kisha ikawa mazoea, na sasa wengine huja kwa ajili ya maswali kuliko pasi.

Lakini leo mwenyewe hana raha. Simu yake ameilaza mezani, mbali na maji, na kila baada ya dakika mbili anaigusa kuona kama iko hai.

"Leo mimi na yule uliyemwona tuko kapu moja," anasema. "Tofauti ni kwamba yeye anakwenda kuulizwa, mimi nimeshaulizwa. Nangoja jibu. Wamesema watanipigia kabla ya saa sita."

Kazi anayoingojea ni ya msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali. Na anaingoja kweli kweli, kwa sababu zimebaki siku tisa tu kabla hajafungasha virago. Mwenye jengo anataka nafasi ya kuweka jenereta, na chumba kilicho chini ya ngazi ndicho kilichoonekana kinafaa.

"Barua ya kuondoka niliisoma mara tatu. Nikaikunja, nikaifungua, halafu nikaipiga pasi," anasema, na anacheka mpaka anakohoa. "Sikujua mikono yangu niipeleke wapi."

Alizunguka kutafuta chumba kingine. Cha karibu kabisa kodi yake ni mara tatu ya anayolipa sasa. Na biashara si ile ya zamani: alikuwa akipiga pasi nguo arobaini kwa siku, siku hizi kumi na tano zikipatikana ni sherehe, maana watu wana pasi zao nyumbani. Mtoto wake wa mwisho bado ana miaka miwili ya shule.

Aliyemletea habari za hospitali ni mpokeaji wageni wa lile jengo la ng'ambo, dada wa miaka thelathini na mmoja ambaye humwita "mzee wangu". Alikuwa amempeleka mama yake kliniki, akaliona tangazo limebandikwa ukutani, akalipiga picha na kuja nalo mbio.

Wawili hawa wana historia. Miaka mitano iliyopita dada huyo alipita chini ya ngazi hizi mara nne, na gauni lile lile la buluu, kwenda kwenye usaili wa kazi nne tofauti. Mara tatu alirudi analia.

"Nilikuwa naingia ndani nikiwa nimeshakata tamaa mlangoni," anakumbuka. "Kila jibu naanza na samahani. Samahani, naitwa fulani. Samahani, nimesoma mpaka hapa. Mara ya nne mzee wangu alikataa hela yangu, akanishika mabega, akaniambia, 'Mwanangu, gauni nimeshalimaliza mimi. Kilichobaki ni wewe tu, na wewe huna kosa la kuombea radhi.' Siku hiyo nilipata kazi. Mpaka leo nikimwona nafsi yangu inatulia."

Basi mzee alipoitwa kwenye usaili, zamu ikageuka. Jioni tatu mfululizo, akitoka kazini, dada huyo alikaa kwenye kigoda cha mteja na kumhoji mzee. Na kumbe mwalimu wa wenzake alikuwa mwanafunzi mgumu ajabu! Kwa zaidi ya robo karne mtu huyu amewatazama binadamu kuanzia shingoni. Kila alipoulizwa swali, macho yake yalitua kwenye kola.

"Nilimwambia, mzee wangu, niangalie machoni. Kola yangu haina jibu," dada anasema.

"Si makusudi," dobi anajitetea. "Kola yake ilikuwa imepinda. Ningefanyaje?"

Asubuhi ya siku yenyewe, Jumatano ya wiki iliyopita, Fundi Kola aliwasha pasi ya nyumbani ili anyooshe shati lake jeupe. Akawa anarudia kola ile ile tu, mara ya tano, mara ya sita. Mkewe alimtazama kidogo, akaja akamnyang'anya pasi.

"Aliniambia, 'Baba watoto, kaa ule. Leo napiga mimi,'" anasimulia. "Nikakaa. Akapiga. Mkono wa kulia wa shati ukatoka na mistari miwili sambamba, kitu ambacho mimi ningemrudishia fundi yeyote. Nikalivaa. Niseme nini? Tangu tuoane nguo zangu napiga mwenyewe, na siku hiyo ndiyo nimevaa shati zuri kuliko yote."

Hapo ndipo aliposhikwa na ugonjwa wa kazi yake. Suruali ilikuwa na mstari wa kukata nyanya, na sheria yake kwa wateja ni moja: ukishavaa, usikae. Kwa hiyo hakupanda gari, alitembea dakika arobaini na tano. Kwenye korido ya hospitali wenzake sita walikuwa wamekaa kwenye benchi, yeye akasimama ukutani saa nzima, wima kama mlingoti. Mwanamke aliyekuwa anapiga deki alimsogelea akamnong'oneza, "Mzee, una jipu? Wauguzi wapo hapo tu, usione haya."

Alipoitwa ndani alikuta watu watatu: mwenyekiti wa jopo, muuguzi mkuu ambaye ni mama wa makamo mwenye miwani, na ofisa utumishi aliyeshika kalamu.

"Karibu kiti," akaambiwa.

"Asanteni sana, nitasimama," akajibu.

Watatu wakatazamana. Mwenyekiti akarudia, mzee akashukuru tena, bado amesimama. Ofisa utumishi akaandika kitu.

"Mwenyekiti akaniambia, 'Mzee, tunatafuta mtu anayeweza kufuata maelekezo,'" Fundi Kola anasema. Sasa hacheki. "Nikajua nimekwisha. Kazi, ada ya mtoto, vyote nimevichezea kwa sababu ya suruali. Nikamkumbuka yule binti yangu wa ng'ambo, nikainua macho kutoka kwenye kola ya mwenyekiti, nikawaambia kama ilivyo."

Aliwaambia kwamba kwa miaka ishirini na sita amekuwa akiwakataza watu wanaokwenda kwenye usaili wasikae wasije wakakunja nguo, na kwamba usaili wake mwenyewe ulikuwa huu wa kwanza maishani, na amri aliyowapa wengine ilikuwa imemganda magotini. Muuguzi mkuu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Kaa, baba," akamwambia. "Sisi hapa tunatafuta mikono."

"Nikakaa. Nikausikia mstari wa suruali unakufa," anasema dobi.

Baada ya hapo, kwa maelezo yake, mambo yalinyooka. Waliuliza shuka lenye damu analifanyaje. Akasema maji baridi kwanza, tena upesi, kwa kuwa maji ya moto yanaipika damu kwenye uzi na haitoki tena. Waliuliza atazuiaje nguo za wodi moja zisichanganyike na za nyingine. Akawaeleza mtindo wake wa kushona uzi wa rangi kwenye pindo, kila mteja na rangi yake, na kwamba hajawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake isipokuwa mara mbili, na mara zote mbili wenye nguo walikuwa mapacha.

Kisha wakamwonyesha picha ya mashine kubwa ya kufulia. Wateja wake wengi, anasema, hudanganya wakifika mahali kama hapo, na yeye alijaribiwa vilevile.

"Ulimi ulishafika mlangoni. Nikaurudisha. Nikasema hii sijawahi hata kuigusa. Nikifundishwa nitaijua, ila siku ya kwanza mtu asiniache nayo peke yangu."

Ofisa utumishi akaandika tena. Hakuweza kusoma anaandika nini.

Saa nne na nusu simu inalia. Fundi Kola anairukia, kumbe ni mteja anayeulizia koti lake. Anamjibu kwa upole wote, anakata, kisha anaitazama simu kana kwamba imemtukana. Saa tano inapita. Anapiga pasi leso ile ile mara ya nne.

Saa tano na dakika ishirini inalia tena. Anaweka pasi wima, anajifuta mkono kwenye suruali, anapokea.

"Ndiyo... ndiye mimi... Ndiyo, mama." Anaichukua ile leso mezani. "Jumatatu? Saa moja? Ndiyo. Nashukuru. Nashukuru sana, mama. Mungu akuweke."

Anaketi kwenye kigoda cha mteja na kuuficha uso kwa ile leso. Mabega yanatikisika. Kisha anasema kwamba aliyepiga ni muuguzi mkuu mwenyewe, kwamba amepata, na kwamba ataanza na miezi mitatu ya majaribio.

"Amesema kwenye kipengele cha kufuata maelekezo nimepata sifuri," anasema huku akipenga kamasi na kucheka kwa pamoja. "Lakini kwenye kusema kweli walinipa zote. Yule ofisa utumishi ndiye aliyenitetea. Mimi nilikuwa namwogopa!"

Anampigia mkewe. Kwenye simu inasikika kelele ya furaha, kisha sauti inashuka: "Baba watoto, ile mistari miwili mkononi niliiona umeshatoka mlangoni. Wiki nzima sijalala vizuri." Anamwambia hakuiona. Anasema hivyo bila kupepesa macho.

Halafu anavuka barabara, pasi ameizima, mlango ameuacha wazi, kitu ambacho majirani wanasema hawajawahi kukiona. Mpokeaji wageni anamwona kupitia kioo na anajua kabla hajaambiwa. Anatoka nyuma ya kaunta na kumkumbatia mbele ya wageni.

"Binti yangu, asante," anamwambia. "Sina neno lingine, mwanangu. Asante."

Anaporudi chumbani, anaulizwa atakapofika kazini Jumatatu ataanza na nini. Anachukua shuka la mteja, anakitandaza kipande chake mezani, anakipitishia kiganja.

Mama yake, anasema, alilala kitandani miezi minne kabla hajafariki, hawezi kujigeuza. Mkunjo mdogo wa shuka chini ya mgongo wa mtu kama huyo, usiku mmoja tu, asubuhi unakuta ngozi imechubuka, na baada ya wiki ni kidonda. Kila asubuhi kabla ya kuja kazini alikuwa akimwinua, anatoa shuka, analipiga pasi likiwa bado na joto la mwili wake, anamrudishia. Mama yake aliondoka bila kidonda hata kimoja, na hakuna kitu kingine maishani anachojivunia kama hicho.

"Kwa hiyo Jumatatu, kabla sijaoneshwa hiyo mashine yao, nitamwomba muuguzi anipeleke wodini," anasema. "Nataka kuwajua wale wasioweza kujigeuza. Mashuka ya wengine yatakwenda kwenye mashine. Ya hao nitayapiga pasi mimi, kwa mkono wangu."